Deka Anafuta Kweli

Wageni wakitoka Kituoni, kwenye maonyesho ya picha, hupitia kwangu kunywa chai, na wote huniuliza swali lile lile: mama, wewe umewahi kuingia ukaona picha? Nimeingia bwana. Nimeingia kila mwaka tangu waanze, maana kibanda changu kimeegemea ukuta wao, na wakifungua maonyesho mimi ndiye ninayekaanga sambusa za wakubwa. Picha nimeziona. Nzuri nimeziona, mbaya nimeziona, na zile ambazo huelewi mtu alikuwa anapiga nini, pengine kamera ilimponyoka. Lakini iliyonitoa machozi ni moja tu, na hiyo hamtaiona. Haipo. Nikiikumbuka napandwa na hasira, kwa hiyo anayetaka chai ya kimya kimya aende kwa jirani.

Aliyeipiga ni Deka, binti Yarrow. Mama yake Deka ni shangazi yangu, kwa hiyo mimi nikimsema nina haki, wewe huna.

Marehemu Yarrow alikuwa na studio ya picha za kitambulisho kule mtaa wa Galbet, hapa hapa Garissa. Chumba kimoja, pazia la buluu, kiti cha mbao na kioo kidogo cha kujitazamia. Wanaume walikuja, wakakaa, wakapigwa, wakaenda zao. Wanawake ndio walikuwa shughuli. Serikali inataka uso wote uonekane, na mwanamke hataki kulegeza mtandio mbele ya mwanaume asiye wake, na Yarrow naye alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Akiingia mwanamke yeye anatoka nje, anasimama barabarani akijifanya anasubiri mtu, na binti yake ndiye anayeshika kamera. Deka alikuwa bado msichana wa shule. Basi alijifunza hivyo, kwa sababu baba yake aliona aibu.

Kutoka hapo akaingia kwenye harusi. Kwetu harusi ina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na upande wa wanawake, walaahi, ndiko harusi iliko. Huko buibui zinatundikwa ukutani. Watu wanabaki na dera nyepesi, nywele wazi, dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, na bibi ambaye jana alikuwa analalamikia magoti leo anacheza mpaka unamwogopa. Simu hakuna. Zinakusanywa mlangoni, zinatiwa kwenye karai, karai linafunikwa leso, na anayelilinda huwa ni yule shangazi mkali kuliko wote. Mara nyingi huwa ni mimi. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja tu, ya Deka.

Waliwahi kuwaamini wapiga picha wengine. Yakatokea mambo. Kuna biharusi mmoja ambaye picha zake zilitembea kwenye simu za vijana mpaka Mandera, na yule msichana hakutoka nje ya nyumba kwa muda mrefu sana. Deka alipoyasikia hayo akajiwekea sheria. Harusi ikiisha anaenda kusafisha picha, anazifunga kwenye albamu, anaipeleka kwa mama wa biharusi mkono kwa mkono. Halafu anakaa naye mkekani, anafungua kompyuta, anatoa na ile kadi ya kamera, na anafuta mama akiwa anaangalia. Picha zote. Habakizi hata moja. Mama anaona kwa macho yake kwamba pamebaki patupu, wanakunywa chai, Deka anaenda zake.

Sheria hiyo ndiyo iliyompa jina. Wapiga picha Garissa ni wengi, lakini ukisikia mtu anasema, "Yule anayefuta," anamsema Deka.

Sasa sikiliza, kuna kitu watu hawakukijua. Ilikuwa inamuuma. Siku moja alipita kwangu akitoka kukabidhi albamu, akakaa, chai ikapoa mbele yake. Nikamuuliza kulikoni, nani amekufa?

"Jawahir, kuna moja leo," akasema. "Mama na binti yake, wameshikana mikono, hina bado mbichi. Sijawahi kupiga nzuri kama ile."

"Hebu nione."

"Uone nini na nimeshaifuta? Iko kwa wenyewe."

Nilimwambia ameze chai aende akalale. Ningemwambia nini kingine? Mtu amefanya kazi miaka yote hiyo na hana hata kimoja cha kumwonyesha mtu, isipokuwa nyuso za vitambulisho.

Halafu Kituo kikaja. Hapa Iftin palikuwa na ghala la mahindi lililoachwa, na watu wa picha wakalichukua, wakalipaka rangi nyeupe ndani, wakatia taa. Msimamizi wao ni Mwende, dada kutoka Kitui, mrefu, mchangamfu, anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo sijamsamehe. Kazi yao ni kusaidia wapiga picha wa huku kwetu. Wanawapa kamera, wanawatafutia walimu, wanawachapia picha zao kubwa kubwa, na mara moja kwa mwaka wanafanya maonyesho. Na katika maonyesho hayo wanachagua mtu mmoja. Huyo wanamshika mkono mwaka mzima, afanye kazi anayoitaka mwenyewe, na picha zake zinaenda kuonyeshwa Nairobi.

Deka aliitaka nafasi hiyo. Aliitaka mpaka akinyamaza tu unajua anaiwaza. Akaenda kwa Mwende, na Mwende akamwambia sawa, karibu, nionyeshe kazi yako. Deka akamwonyesha pazia la buluu na watu waliotoa macho.

"Na za harusi?" Mwende akauliza. "Nasikia sifa zako za harusi mji mzima."

"Zile nimefuta."

"Zote?"

"Zote."

Mwende alikuja kunieleza hayo akiwa ameshika kichwa. Nikamwambia huyo ndiye Deka, zoea.

Deka hakukata tamaa. Akasema mabiharusi hataweza kuwatundika ukutani, hilo analijua, lakini atawatafuta wanawake wazee, waliokwisha kuolewa na kuzaa na kuzika, ambao dini imewalegezea, awaombe wenyewe ruhusa. Akazunguka Iftin yote na Galbet yote. Walimcheka! Mmoja alimuuliza kama Nairobi kumeishiwa vikongwe. Mwishowe aliyekubali ni ayeyo Hawo.

Ayeyo ni bibi, na Hawo alikuwa bibi wa kila mtu. Alizaliwa kule Kutulo, akafuga ngamia na mbuzi maisha yake yote, mpaka ukame ulipommaliza, ndipo mwanawe Bishar akaenda kumchukua. Bishar anauza mbuzi kwenye soko la mifugo, na nyumba yake iko nyuma ya Kituo, uchochoro mmoja tu. Ayeyo hakuupenda mji. Alisema mji unanuka sabuni. Lakini alipenda watu, na alipenda kucheka, na akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa mkono. Daima. Kule kwao msichana alifundishwa asionyeshe meno, na yeye alifundishwa akiwa mdogo ikabaki hivyo hivyo mpaka uzeeni. Unasikia kicheko kinatoka nyuma ya vidole, unaona macho tu yamefumba na machozi yanatiririka.

Siku ya picha tulikuwa uani kwake asubuhi. Bishar alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nampaka ayeyo hina kichwani, maana mvi zake alitaka ziwe nyekundu, na yeye mwenyewe alikuwa amejipaka viganjani, ameiweka mikono yake juu ya magoti, imefunguka, hina haijakauka. Deka alikaa pembeni na kamera yake, hasemi neno. Ile ndiyo kazi yake, ukimsahau ndipo anapopiga.

Nikamwambia ayeyo, "Kwa kichwa hiki, atatoka mzee mmoja Wajir aje kukuposa."

"Aje," akasema. "Lakini ngamia watangulie, yeye afuate. Nikiwapenda ngamia nitamfungulia na yeye mlango."

Halafu akajichekesha mwenyewe. Kicheko kikampanda, mkono ukainuka kuziba mdomo, akakumbuka hina, akaurudisha chini. Hakuwa na la kufanya. Akacheka hivyo hivyo, mdomo wazi mbele ya Mungu na watu, kichwa kimeenda nyuma, na pengo kubwa lile la mbele ambalo mimi, niliyemjua miaka, sikujua kama analo. Na Deka akapiga.

Kituo kikaichapa, kubwa, urefu wa mlango. Tukamleta ayeyo aione. Akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akamwambia Mwende, "Hii bicha yangu weka juu. Mahali watu wote naona." Mwende akamuuliza, una uhakika, ayeyo? Akasema, "Mimi mzee. Nani naiba mimi?" Tukacheka sote, na yeye akaziba mdomo.

Maonyesho yalikuwa bado hayajafunguliwa homa ilipomshika. Haikumkawiza. Innalillahi. Tulimzika alasiri, mji mzima ulikuja, na Bishar alitembea nyuma ya jeneza kama hajui anakopelekwa.

Deka alibaki na swali: aitundike au asiitundike? Mwende akasema mwenyewe alikubali, tena mbele yetu, tena kwa furaha, kumwondoa sasa si ni kumzika mara ya pili? Mimi nilimwambia Deka nenda kwa Bishar umuulize. Akasema atamwendeaje mtu aliyefiwa, nyumba imejaa watu wa pole, aanze kumwambia habari za picha? Aliona ni utovu wa adabu. Akangoja, na akiwa anangoja siku ya kufungua ikafika, na picha ikawa ukutani, katikati, mahali watu wote wanaona.

Na watu waliiona, ndugu yangu. Wageni wa Nairobi walisimama pale hawatoki. Mwende alininong'oneza nikiwa na sinia la sambusa kwamba hakuna mjadala, mwaka huu ni Deka. Nilimtazama Deka ng'ambo ya chumba, alikuwa anavuta ncha ya mtandio wake na kuiachia, anavuta na kuiachia. Nilifurahi mpaka nikaunguza sinia lililofuata.

Bishar alikuja kesho yake. Wenzake wa sokoni walikuwa wameshamwambia: tumemwona mama yako kichwa wazi kule ghalani, watu wanampiga picha na simu. Aliingia na kanzu yake ya msibani, hakumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya picha. Akasimama. Alisimama muda mrefu, macho mekundu, nami nikadhani ni hasira.

"Sikuja kugombana, abayo," akamwambia Deka, yaani dada. "Nishushie mama yangu."

Mwende akaingilia kwa upole, akasema mama mwenyewe alikubali, tulikuwepo.

"Najua alikubali. Alikubali akiwa hai," Bishar akasema. "Akiwa hai angeweza kesho kubadili mawazo. Leo hawezi. Aliyebaki wa kumfunika ni mimi."

Sasa hapo utamjibu nini mtu? Deka hakubishana. Akapanda kiti, akaishusha mwenyewe, akaitoa kwenye fremu, akaikunja taratibu na kumkabidhi mkononi. Bishar akageuka aende.

"Ngoja," Deka akasema. "Nifute mbele yako."

"Fanya unavyofanya," akajibu, akampa mgongo, akabaki anaangalia uani.

Hakuwa ameombwa! Hilo ndilo linaloniumiza roho. Mtu alisema nishushie, hakusema nifutie. Lakini Deka ndivyo alivyozoea, mwenyewe amesimama pale, picha yake amekabidhiwa, basi kinachofuata ni kufuta. Akafungua kompyuta. Mwende akamvuta pembeni, karibu na mlango wangu, nikasikia kila neno.

"Deka, bakiza moja. Ifungie. Hakuna atakayejua."

"Nikibakiza hii, wale wote niliowafutia nitakuwa nimewadanganya."

"Basi ngoja hata wiki moja. Huyu ana uchungu."

"Yeye anayo ya karatasi," Deka akasema. "Mtoto hatupi sura ya mama yake."

Akafuta ya kompyuta, akafuta ya kadi, akamwomba Mwende afute na za Kituo, na Mwende akafuta huku analia. Walipomaliza Bishar alikuwa ameshaondoka.

Nafasi ya mwaka ule ilienda kwa kijana wa Wajir aliyepiga mikokoteni ya punda. Kijana mzuri, ana adabu, simlaumu, punda wake pia wana sura. Deka alirudi kwenye harusi zake. Akipita hapa nilikuwa namchokoza ili aseme kitu, angalau anitukane, hakusema. Kwenye ukuta wa Kituo msumari ulibaki, na nilimwona mara kadhaa akiingia kwenda kuutazama. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja.

Sasa njoo maonyesho ya mwaka huu. Siku ya pili, watu wamepungua, namwona Bishar anakuja na mkewe, amebeba mtoto. Wakati wa msiba mkewe alikuwa na mimba changa, na binti aliyezaliwa wamempa jina la Hawo. Ndiyo kwanza ameanza kucheka, yaani mtu yeyote akipita anachekewa, hata mbuzi. Wakaingia ndani. Wakazunguka chumba chote, wakarudi, wakazunguka tena. Halafu Bishar akatoka akaja kwangu, ambako Deka alikuwa amekaa na kikombe chake, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Abayo, ile ya mama mwaka huu mmeiweka wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, hatanii.

Deka akaweka kikombe chini. "Si unayo wewe? Nilikupa mkononi."

"Ile niliichoma," akasema. "Siku ile ile, nyuma ya zizi. Nilikuwa na uchungu, wazee walikuwa wananitazama, nikaichoma. Nilijua nyingine mnayo."

"Bishar, nilifuta. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilidhani unanipoza tu." Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba. "Nani siku hizi anafuta kweli?"

Nikamjibu mimi. "Deka anafuta kweli," nikasema. Jina alilolijenga maisha yake yote, nami nililitamka siku hiyo nikatamani nilimeze.

Bishar akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mkewe akaja na mtoto, akauliza kama ameipata. Bishar akasema kwamba alikuja kwa sababu mtoto ameanza kucheka, na mkewe kila siku anamuuliza huyu kicheko amekitoa kwa nani, na yeye anaamini ni cha mama yake, lakini hana hakika. Yeye alimwona mama yake akicheka bila mkono mara moja tu katika maisha yake yote, pale ukutani, na siku hiyo macho yake yalikuwa yamejaa maji hakuona vizuri. Ya kitambulisho anayo. Kwenye kitambulisho mama amenuna. Ile aliipiga marehemu Yarrow mwenyewe, siku Deka hakuwepo.

"Alikuwa amekaa mkekani," akaanza kumweleza mkewe. "Kichwani hina. Kichwa kimeenda nyuma. Anacheka hivi." Na akainua mkono wake, akaziba mdomo.

"Siyo hivyo," nikamwambia. "Mkono ulikuwa chini. Ulikuwa na hina."

Nikamshika mkono nikaushusha mpaka kwenye goti. Akabaki hivyo, mkono gotini, mdomo wake hajui auweke vipi. Mtoto akamwangalia akacheka, akatutolea ufizi wote mtupu. Bishar akamgeukia Deka.

"Na mdomo, abayo? Ulikuwaje?"

Deka ndiye aliyeipiga. Alikuwa ameitazama kuliko mtu mwingine yeyote duniani, akiisafisha, akiichapa, akiitundika. Akafumba macho aitafute kichwani. Tukamngoja.

"Ulikuwa wazi," akasema, na hapo akaanza kulia, kwa sababu hakuwa na zaidi ya hilo.